Mgeni Kwenye Titi Langu

Jumatatu, 3 Machi
Nimekama, ng'ombe kanipiga teke kama kawaida yake. Uvimbe kwenye titi la kushoto uko palepale, mgumu kama kokwa. Mwanamume mzima na titi! Wakesho, mke wa mwanangu, ameniona naupapasa. Kesho ananipeleka hospitalini Voi. Sikuulizwa.

Jumanne, 4 Machi
Foleni yote akina mama, dume ni mimi peke yangu. Nikauliza ni nani kati yetu ananyonyesha. Mmoja akaniita shosho, yaani bibi. Daktari, msichana wa juzi tu, amenichoma sindano nene akatoa kinyama cha kupima. Akauliza, "Mzee, mkojo unatoka vizuri?" Wakesho yuko hapo kando. Nikajibu, "Kama mfereji." Uongo. Unadondoka, tena kwa maombi. Lakini mke wa mwana hasikii habari za suruali ya baba mkwe. Heri kufa.

Jumatano, 19 Machi
Majibu. Ni saratani, lakini si ya titi. Imezaliwa kwingine mwilini, ikahamia hapo. Jambo la nadra, daktari anasema. Wapi, hawajui. Wasipojua, watanikata bure na dawa haitaifaa. Akauliza tena: kikohozi? choo? mkojo? Wakesho ananitazama. Nikasema sawasawa. Turudi keshokutwa, wapange upasuaji wa titi. Naogopa. Sijala.

Alhamisi
Kiuno kinauma. Nimemfokea mbwa bila kosa. Mimi ndiye mbwa. Naogopa aibu kuliko kifo, na kifo chenyewe hakina aibu.

Ijumaa, 21 Machi
Kabla daktari hajafungua mdomo nikamwambia Wakesho, "Toka nje, mama."
"Nitoke kwa nini, baba? Siendi."
Nikasema mbele yake, macho sakafuni: mkojo haupiti, mwaka sasa, na damu iko.
Daktari akaweka kalamu chini. "Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta, mzee."
Upasuaji umesimamishwa. Wametoa damu. Kinyama kile kitapimwa upya, sasa wakitafuta tezi dume. Tumerudi nyumbani Wusi.

Jumapili, 6 Aprili
Majibu yalikuja juzi. Ni saratani ya tezi dume. Imefika kwenye titi na kwenye mifupa. Haitapona, itatulizwa kwa sindano. Titi halikatwi.
Wameenda kanisani wote. Nimeingia chumbani nikakuta kopo jipya la kukojolea, lenye kifuniko, chini ya kitanda. Wakesho kaliweka kabla ya kuondoka.
Nimelitumia.