Mstari Ulioanza na R

Kianda, Kibera
Jumapili, 21 Septemba 2025

Kwako Mitchelle,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mutuku, si mama, si hata Mungu kwa sauti. Na kama ningechagua, wewe ungekuwa wa mwisho kabisa kulisikia. Lakini linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Wacha kwanza nikusalimie.

Hujambo huko shuleni? Ile malaria ya muhula uliopita ilikuacha kabisa, ama bado unapewa dawa na uji bila sukari? Mimi mwili ni mzima. Huku kwetu ni vumbi tu, na maji huja mara mbili kwa wiki, lakini tumezoea. Barua yako niliipata, na nimeisoma mpaka pale ilipokunjwa pakaanza kutoboka. Uliniuliza mambo mawili: kwa nini nimenyamaza hivi, na kama nimemwona baba yako, kwa sababu siku ya wazazi hakuja, na likizo ya Agosti alikwambia ubaki kwa dani, nyanya yako, huko Yala, eti garage imehamishwa kwa sababu barabara inapanuliwa.

Mitchelle, hakuna barabara inayopanuliwa.

Unamkumbuka Mutuku, kaka yangu, yule aliyekuwa akitubebea mabegi tukitoka shule ya msingi Kawangware, kabla sisi hatujahamia huku Kianda. Mwezi wa tatu alinunua gari. Ni Vitz ya umri kama wetu, mlango mmoja rangi yake na ile milango mingine rangi yao, lakini ilikuwa gari, na katika plot yetu ilikuwa ya kwanza. Watoto waliiosha bila kutumwa.

Lakini Mutuku hakutaka iwe Vitz kama za watu wote. Kila Jumamosi aliiongezea kitu. Aliweka vioo vyeusi, akavisha viti manyoya mekundu, akabadilisha bomba la moshi mpaka ikawa ikinguruma unadhani ni lori la mawe limepotea njia. Kwenye kioo cha nyuma alibandika herufi nyeupe: MWANA WA MUMBUA. Hilo ndilo jina la mama yetu, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya yote. Alitaka wikendi ya Madaraka aingie Kitui na hilo gari, mama alisikie kabla halijaonekana, atoke nje na kanga ya jikoni asome jina lake.

Kilichobaki kilikuwa magurudumu. Alipata rimu kubwa za gari lingine, zinang'aa kama sufuria mpya, akazipeleka Kawangware kwa baba yako, kwa sababu Mutuku hakuwa anamwamini fundi mwingine. Baba yako alizitazama, akaitazama Vitz, akamwambia, "Kijana, unavalisha mtoto viatu ya babake." Tulicheka sote. Lakini Mutuku alisisitiza, na zilipofungwa zikawa zinakwaruza ndani. Ikabidi watumie spesa, zile sahani za chuma zinazowekwa nyuma ya gurudumu ili litokeze nje. Zilikuja kwenye paketi na karatasi ya maagizo, na maagizo yote yalikuwa kwa Kiingereza.

Baba yako alinipa mimi hiyo karatasi. Alisema mikono yake ni ya grisi, na mtu wa kitabu hapo ni mimi, kwa hivyo nisome polepole, yeye anafuata.

Sasa hapa ndipo nataka ukumbuke darasa la tano. Mimi nilikuwa nimetoka kwa nyanya Kitui na ulimi usiojua R, wewe ulikuwa umetoka Yala na ulimi usiojua SH. Mimi nasema "lula", wewe unasema "sati", darasa zima liko chini ya madawati. Tukafanya mpango wetu: tukisoma kwa sauti, nikikaribia R wewe unaangusha kalamu, ukikaribia SH mimi nakohoa. Wewe ulijifunza SH. Mimi R nilijifunza pia, lakini huja tu nikiwa nimetulia. Nikiogopa inakimbia. Watu husema Wanza ni msichana mpole, wa maneno machache. Ukweli ni kwamba nachagua yale ambayo hayana R.

Siku hiyo hukuwa karibu uangushe kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa "Remove all rust." Mutuku alikuwa amekuja na rafiki yake Brandon, unamjua, yule wa kofia, na vijana wengine wawili, wote wamesimama wananitazama. Mdomo wangu ukatoa "Lemove all lust." Nilitaka kusema kutu, nikasema tamaa. Brandon alianguka juu ya tairi akicheka. Akasema, "Fundi, funga garage, hii ni crusade sasa. Tuombewe tamaa ya Vitz." Hata mama wa chapati ng'ambo ya barabara alicheka, na sidhani alijua kinachochekwa.

Baba yako hakucheka. Aliniuliza tu maana yake ni nini, nikamwambia kutu, akachukua brashi akasugua mpaka chuma kikang'aa. Kisha akawaambia, "Muache mtoto asome. Mimi nasema sok absoba kila siku na gari zinatembea."

Nikaendelea, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Nikasoma kwamba sahani ilale sawa, isiyumbe. Akahakikisha. Nikasoma kwamba nati zikazwe kwa kukingama, moja ya juu halafu ya chini yake, si kwa mzunguko. Akafanya hivyo hivyo. Na unajua desturi yake ya chaki: kila nati akimaliza kuikaza, anaipiga alama nyeupe, na isiyo na alama haiondoki kwake. Nilihesabu alama kumi na sita. Niliziona, Mitchelle. Nataka ujue hivyo kabla hujasoma yanayofuata.

Ulikuwa umebaki mstari mmoja, chini kabisa. "Re-tighten all nuts after the first 50 kilometres." Nikaiona ile R imesimama mwanzo wa mstari kama mwalimu mlangoni na kiboko. Nikainua macho, nikaona Brandon ametoa simu, ananirekodi, anangoja.

Nikasema, "Imeisha."

Baba yako akauliza, "Imeisha yote?"

Nikasema yote. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni.

Nilijiambia nitamwambia Mutuku nyumbani. Lakini jioni hiyo plot nzima ilikuwa imenipa jina jipya. Nikienda kuchota maji, "Niaje, Lust." Nikirudi, "Lust, umeshalemoviwa?" Mutuku naye alikuwa anapiga gari picha kila upande, amefurahi jinsi sijawahi kumwona tangu baba afe. Ningeanzaje? Ningesema nilificha mstari kwa sababu ya herufi moja? Nikasema kesho. Kesho yake ilikuwa ndiyo safari.

Tulitoka Jumamosi asubuhi, Mutuku kwenye usukani, Brandon mbele akicheza muziki, mimi nyuma na mkate na sukari ya mama. Mutuku alikuwa amerudisha ile mita ya kilomita kwenye sifuri. Mimi sikuangalia barabara, niliangalia hiyo mita katikati ya viti. Tulipofika Kyumvi, pale njia ya Machakos inapokata, ilisoma hamsini na moja. Na Mutuku akasimama. Sijui ni Mungu. Alisimama Brandon anunue soda, gari ikazimwa, tukakaa dakika kumi. Spana ya magurudumu ilikuwa chini ya miguu yangu. Niliigusa kwa kiatu. Mutuku akanitazama kwa kile kioo kidogo, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nina usingizi.

Halafu Brandon akarudi na soda, akanipa moja, akasema, "Shika, Lust." Tukaondoka.

Kabla ya Wamunyu usukani ulianza kutetemeka. Mutuku alidhani ni barabara. Kwenye mteremko gurudumu la mbele upande wake lilitoka. Nililiona likitupita, Mitchelle, linang'aa, linakimbia peke yake mbele yetu kama limetumwa. Kisha gari likaingia mtaroni kwa upande wa Mutuku. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Brandon alivunjika mkono. Mutuku walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Mama aliliona gari baadaye, likiwa limevutwa hadi kituo cha polisi. Walisema alisoma jina lake nyuma, akakaa chini.

Wiki iliyofuata Brandon, mkono ukiwa kwenye plasta, alienda Kawangware na kundi la vijana. Walisema fundi hakukaza nati, ni muuaji. Walitawanya vyombo vyake, wakaponda lile sanduku la kijani uliloandika jina lako ndani ya kifuniko ukiwa mdogo, na wakampiga, si sana, lakini mbele ya watu. Mwenye uwanja akamwambia aondoke kabla hawajarudi na moto. Ndiyo barabara iliyopanuliwa.

Sasa anaishi na binamu yake Soweto West, hapa hapa Kibera, na mchana anaosha magari karibu na zile gorofa za Soweto East. Anaosha tu. Mwezi wa saba nilimwona mtu anamwomba amkazie nati moja ya betri, akasema hajui kazi hiyo. Baba yako, Mitchelle. Alisema hajui.

Aliniona, akaniita. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Aliuliza mguu wa Mutuku unaponaje. Akauliza kama nakula vizuri. Kisha akaangalia huku na huku, akasema pole pole, "Wanza, wewe ndio ulisoma. Kuna kitu karatasi ilisema, mimi nikaruka?"

Hakukuwa na Brandon hapo. Hakukuwa na simu. Tulikuwa sisi wawili na ndoo ya maji ya sabuni.

Nikasema, "Hapana, Baba Mitchelle."

Alitazama viganja vyake. "Basi ni mkono yangu," akasema. "Chaki niliweka, lakini mkono haikukaza. Imezeeka."

Akanishukuru. Akanipa shilingi hamsini ya ndizi.

Kila jioni mama hupiga simu kutoka Kitui, na akimaliza salamu huomba Mungu amsamehe fundi Okello kwa uzembe wake. Anayesema amina ni mimi.

Na Jumatano hii polisi wametuita mimi na Mutuku tuandikishe taarifa. Mutuku amesema mimi ndiye shahidi, kwa sababu nilikuwepo na najua kusoma. Afisa alisema baada ya hapo baba yako atashtakiwa. Mutuku si mbaya, usimchukie. Anaamini anachokiamini, kwa sababu mimi nimemwacha akiamini.

Ndiyo sababu nakuandikia. Nimejaribu kufanya mazoezi mbele ya kioo, nimwambie yule afisa. Neno la kwanza ninalohitaji ni "karatasi", na hilo lina R katikati. Nafika hapo nakwama. Najiambia Jumatano nitasema. Lakini nilijiambia hivyo pia kuhusu nyumbani, na kuhusu Kyumvi, na kuhusu ndoo ya sabuni, kwa hivyo sijiamini tena, na wewe usiniamini. Barua hii ikikufikia, mpe mwalimu wenu mkuu aisome, awapigie polisi. Najua barua zenu hufunguliwa. Wacha wafungue.

Kuna kitu kimoja zaidi. Usiku nikikosa usingizi huwa nairudia ile sentensi jinsi ningeisema kwa Kiswahili. Hakuna aliyenikataza Kiswahili. Hicho ndicho baba yako alichokuwa anangoja. Kaza tena nati baada ya kilomita hamsini. Ihesabu, Mitchelle. Mimi nimeihesabu mpaka nimechoka. Haina R hata moja.

Nisalimie dani ukimwandikia. Salimia marafiki wa bweni niliowajua kwa barua zako. Usome kwa bidii, na ukiona jina langu limeanza kukuchukiza, ni haki yako. Ile karatasi yenyewe nilitaka kuitia ndani ya bahasha hii. Bado iko ndani ya kitambaa cha kiti changu, kile cha manyoya mekundu. Mutuku aliomba vitambaa vitolewe kwenye gari, tukavisha viti vya nyumbani, na kila siku naikalia. Wacha niitoe sasa

Nasikia mkongojo huko nje, halafu kiatu kimoja, halafu mkongojo. Amerudi mapema. Ananiita, anasema kuna fomu ya hospitali ya Kiingereza nimsomee.

Naiweka hii pale pale ilipo ile karatasi nyingine.

Lafiki yako,
Wanza