Kadi Niliyoiweka na Vikombe vya Wageni

Adhiambo mwanangu,

Jua la Kisumu linachoma, nami niko ufukweni nakula samaki, ngege wa kukaanga.

Ile kadi ya benki niliyoitunza kabatini na vikombe vya wageni, mashine ya ukutani imeitema. Nikamwambia karani, "Sijaitumia hata mara moja!"

Akasema, "Mama, hata ukiificha inaisha muda wake. Huu ukanda mweusi unazeeka, na wezi nao wanajifunza kuziiga kadi za zamani. Ndiyo maana tunaandika mwezi na mwaka hapa mbele."

Akaikata kwa makasi. Sikubanduka kwenye benchi mpaka akanijazia fomu ya kadi mpya. Hiyo nitaitumia mpaka ichakae.

Na vile vikombe nilivyokukataza kugusa, ukishasoma hapa vitoe, unywee chai. Hata kimoja kikivunjika, sitagomba.

Mama yako anayekuwaza