Mbao za Mlango wa Kushoto

Kamwene, Baba.

Gari limekwisha! Najua ungeanza kwa kuuliza rangi: ni ile ile uliyoichagua, kijani cha majani ya chai, na watu wa Kihesa wanasimama barabarani kulitazama. Ni lile gari dogo la spoti la Kiingereza, viti viwili, paa hakuna, ulilolikuta Mufindi kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Sasa Mama anajitazama kwenye bampa akifunga kitambaa chake. Nimelitangaza kuuzwa, kama tulivyokubaliana.

Lakini kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujaletewa na wengine huko.

Siku uliyofariki, Baba mdogo alipanda kwenye kichanja cha jikoni kuteremsha mbao zako za mninga, zile ulizozikausha kwa moshi miaka mitatu. Akasema fundi seremala hawezi kuzikwa kwenye paini. Nikasimama chini ya ngazi nikakataa. Hizo ni za mlango wa kushoto, nikamwambia, Baba mwenyewe kasema zisiguswe. "Yaani wewe binti unamnyima baba yako jeneza kwa ajili ya gari?" Waombolezaji wote walisikia. Ukazikwa kwenye paini, Baba, na kwa miezi nane Baba mdogo hakunisalimia.

Niliumia sana. Kila nilipopiga randa mninga ule, harufu ya moshi wa jikoni kwetu ilinijia nikalia, halafu nikajigombeza kwa kulowesha kazi. Mabati ya gari lile yanakaa juu ya fremu ya mbao, na ulinifundisha kwamba mbao mbichi zikinywea kwa upepo wa Iringa, mlango haufungi tena. Zako hazikunywea hata kidogo.

Dalali alitaka tuandike kwenye tangazo kwamba kila kitu ni cha Uingereza. Nikamlazimisha aandike ukweli: fremu ya mninga, imetengenezwa Kihesa. Akanuna, eti nafukuza wateja. Kweli wawili hawakurudi.

Jumamosi akaja mama mmoja wa Mbeya anayekusanya magari ya zamani. Akafungua mlango wa kulia, ulioutengeneza wewe, akaufunga. Akazunguka, akafungua wa kwangu, akaufunga. Akarudia. Mimi nimeshika ukuta. Kisha akauliza, "Fundi wa milango hii yuko wapi? Nina gari jingine, mbao zake zimeoza."

Fundi, Baba. Mmoja! Hakuona tofauti.

Kabla sijajibu, Baba mdogo, aliyekuwa amekaa barazani akijifanya amefuata chai, akasema, "Alikuwa kaka yangu. Sasa ni huyu."

Mgeni alipoondoka, Baba mdogo aliingia kwenye gari upande wa kushoto, akapapasa mbao kwa kiganja muda mrefu. "Kaka asingekubali kulala kwenye hii," akasema. "Angeona tunaiharibu." Tukacheka wote wawili, na mimi nikalia.

Gari linakwenda Mbeya Jumatatu, na kazi ya lile jingine nimeikubali. Nakuahidi: mninga mwingine nimeshaupandisha kichanjani, na sitamruhusu mtu yeyote auharakishe, hata mwenye gari.

Lala salama, Baba. Paini yako niliipiga randa mwenyewe, hata upande wa ndani.

Binti yako