Njoo Kibiti, Dada

Kibiti,
Agosti, 1991

Kwa dada yangu Maryam binti Sadallah,
Mohoro.

Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa mzima, nguvu tele, wala usidhani nasema hivi kwa kuwa barua zote huanza hivi. Safari hii ni kweli. Wewe je, kifua kimepoa? Ile dawa niliyokuletea umeimaliza, au umeifungia kabatini kama unavyofungia kila kitu? Nawasalimu majirani wote, hata Mwanaamina anayekufikishia habari zangu kabla mimi mwenyewe sijafika ninakokwenda.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mjane mzima nimekuwa kiguu na njia, ati edda ya marehemu mume wangu haijaisha vizuri nami nishaanza kuparamia malori pamoja na wanaume. Wallahi nilikasirika. Maneno yalishanijaa mdomoni, bahati yako sikuwa na kalamu. Sasa hasira zimekwisha na nina majibu ya upole, ila nakuomba jambo moja. Isome barua hii umekaa, uifuate pole pole, usikimbilie mwisho.

Dada, najua kwa nini hupendi safari. Tangu Tahiri, mwanao wa pekee, aende mikokoni kukata boriti na mtumbwi wake ukaonekana umepinduka, huu mwaka wa tatu, hujalala nje ya nyumba yako hata usiku mmoja. Kaka yetu Bashiru aliita watu wakamsomea hitima. Wewe ulikataa kwamba amekufa, ukasema utakaa hapo hapo, asije akarudi akakuta nyumba haina mtu. Arusi ya binti yangu hukuja. Mazishi ya mume wangu hukuja. Sikukulaumu wakati ule na leo sikulaumu. Nataka ujue tu kwamba mimi nami nilikuwa hivyo hivyo.

Nilipotoka edda nilikaa. Nilikaa mpaka magoti yakavimba. Asubuhi nagombana na kuku, jioni nagombana na moshi, na mtu akija kunitazama namnunia mpaka aondoke. Wali ukawa hauna ladha. Basi siku moja jirani yangu Hadija akashikwa na homa, kamba wake wakavu wako tayari kwenda gulioni, akaniomba nimpelekee Kibiti. Nilikwenda kwa kumwonea haya. Nilipanda mtumbwi, kisha lori, nikatapika njia nzima, nikaapa sirudii.

Nikarudia. Siku hizi za ruksa hakuna anayekusimamisha njiani kukuuliza kibali cha kapu lako, na wanawake wa huku wameshajua hilo zamani, sisi tulioolewa Mbuchi ndio tulikuwa tumelala. Safari ya pili nililalamika tu, sikutapika. Baada ya hapo nikajikuta nafunga mzigo kabla Hadija hajanikumbusha. Magoti yakanywea, sijui ni kwa kutembea au ni kwa kusahau kuyafikiria. Usingizi ukarudi. Siku moja, mle ndani ya lori, Mmatumbi mmoja alilishika kapu langu akawatangazia watu kwamba mimi ni mkewe niliyetoroka na mahari yake. Unawajua watani wetu hawa walivyo. Lori zima likacheka, na mimi nikacheka, halafu nikashtuka, maana sauti ile ya kicheko changu sikuwa nimeisikia tangu nifiwe.

Na watu, dada. Hapa Kibiti nalala kwa mama mmoja mpika vitumbua. Alimzika mume na watoto wawili katika masika moja, na bado anaamka kabla ya adhana kuwasha moto, anawatania wateja wake kwa majina. Nyumbani niliona msiba wangu ndio mkubwa kupita yote, kwa sababu ulikuwa peke yake pale ndani na mimi. Njiani nikakutana na mingine. Haukupungua, ila nilipata pa kuuweka. Ndiyo maana kila nikija kwako nakusumbua utoke kidogo, nawe unaniona nimechanganyikiwa.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Umekaa?

Pale gulioni, jirani na ninapoweka kamba wangu, kuna mafundi wanaopunguza suruali za mitumba. Kila nilipofika cherehani moja ilikuwa haina mtu. Wenzake walinieleza kwa kucheka kwamba fundi wake ni mgonjwa wa ajabu, siku ninayokuja mimi ndiyo siku anayougua. Nikachukulia ni mzaha. Ningekwenda Kibiti mara moja au mbili tu, ingeishia hapo. Lakini nilizidi kwenda, naye nadhani alichoka kuugua. Juzi mchana nimeinama napanga vibaba vyangu, nikaona miguu ya mtu imesimama mbele yangu, haiendi. Nikamuuliza anataka kamba wa kiasi gani. Nikainua uso.

Ni Tahiri, dada. Mwanao yu hai. Amekonda, ana ndevu, na sikio lake la kushoto lina kovu, lakini ni yeye.

Lia kwanza, halafu uendelee.

Mtumbwi ulimpindukia kweli. Wakata boriti wa upande wa kaskazini walimwokota juu ya mizizi ya mikoko, amevunjika mbavu, wakaondoka naye. Aliugua muda mrefu. Alipopata nguvu za kurudi, akakutana na mtu wa Mohoro aliyemweleza kwamba kwao wameshamsomea hitima, watu wamekula na kutawanyika. Na mtu yule, Mungu amsamehe, akaongeza kwamba hata mama mtu ameridhika. Kijana akavunjika moyo. Alifikiri mmemwondoa duniani kwa haraka ili mwondokane naye. Akajifunza cherehani, akakaa. Hiki ndicho alichoniambia, nakuandikia kama alivyosema:

“Mama mdogo, mimi kwetu nimekwisha kuwa maiti. Nitabisha hodi kwa jina gani?”

Nilimshika shingo pale pale mbele za watu. Nikamweleza kwamba wewe hukuonja hata punje ya wali wa hitima ile, ulikaa jikoni umefunga mdomo kwa kanga, na sahani uliyoletewa ukaimwaga mbele ya Bashiru. Alikaa chini mchangani akalia kama mtoto, nami nikalia, kamba wakaibwa.

Sasa unajua desturi yetu. Aliyesomewa hitima naye yu hai haingii kwao peke yake. Mzazi wake ndiye humwendea huko aliko, akamshika mkono, akamwingiza mwenyewe. Tahiri anaishika desturi hiyo kuliko wazee. Bashiru hawezi kukusaidia kwa hili, na mimi si niliyemzaa. Ningekuja mbio kukuchukua, lakini naogopa nikimwacha aibu itamrudia, ahame tena. Kwa hiyo nimebaki hapa namlinda, nakula vitumbua.

Barua hii anayo Miraji, utingo wa lori la chumvi, mtu mzima na mwaminifu. Nimemkataza asikuambie lolote. Wakirudi keshokutwa watapita kukuchukua, nimeongea na dereva wakuweke mbele. Pantoni ya Ndundu isikutishe. Shika chuma, tazama ng'ambo. Usibebe mizigo. Nyumba ifunge tu, dada, funguo mpe Mwanaamina, apate cha kusimulia.

Mama wa vitumbua anakusalimu, ameshakutandikia kitanda chake. Nisalimie na Bashiru, usimgombeze mpaka nifike, nataka nami niwepo. Na mwanao anakuamkia. Nimemwomba aandike mstari mmoja kwa mkono wake, amekataa, anasema shikamoo yake ataitoa kwa mdomo.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaharusi binti Sadallah