Anayepokea Tope Lako

Sambasha, 3 Machi 2025

Naipanoi mjukuu wangu,

Marahaba. Najijibu mwenyewe, maana shikamoo yako sijaisikia tangu Januari. Mimi mzima, goti tu ndilo linajifanya mgonjwa. Ng'ombe mweupe kazaa. Wewe je? Simu yako inaita hadi inachoka. Nimemkalisha mwinjilisti Ephraimu hapa aandike, na asipunguze maneno. Tayari kapunguza moja.

Mama yako anasema umepandishwa, sasa ni msimamizi kule kwenye shamba la maua, Nduruma. Mtu aliyepandishwa hanyamazi hivi. Unakula? Nani kakuudhi? Nitajie nije.

Ni mimi bibi yako, Koko. Dole langu hilo hapo chini, kwa wino wa Ephraimu.


Ngarenaro, 16 Machi 2025

Shikamoo Koko,

Mimi mzima. Pole na goti. Hongera kwa ndama.

Hakuna aliyeniudhi. Ninakula. Mwaka jana kazini walileta mashine ya vidole. Unaweka kidole asubuhi, inaandika umefika. Januari wakawauliza wafanyakazi kama wanaridhika na huo mfumo. Unabonyeza uso kwenye kioo: unaocheka, ulionyooka mdomo, unaolia. Meneja Godwin alisimama pale pale. Wote walibonyeza unaocheka. Mimi nilibonyeza ulionyooka, na sikudanganya. Halafu nikaandika ripoti kwamba watu wanaipenda kazi kuliko zamani.

Kuna mama anaitwa Anande. Miaka tisa anatoa miiba na majani kwenye mawaridi. Vidole vyake vimelika, mashine haivisomi. Imeandika hakuja siku kumi na moja. Alikuja. Nilikuwa namwona. Godwin akasema mfumo haukosei, akaleta karatasi ya kumwachisha kazi mwisho wa mwezi. Ilitakiwa sahihi ya msimamizi. Nilisaini Ijumaa saa nne. Saa saba nikala wali maharage.

Siku hizi mwiba ukinichoma siusikii. Naona damu kwanza, kwenye karatasi.

Mjukuu wako, Naipanoi


Sambasha, 20 Machi 2025

Naipanoi,

Marahaba, hata kwa barua ile. Hujambo? Na usinijibu tena "mzima".

Mpumbavu wewe. Ephraimu alitaka kuandika "mpendwa". Nimemwambia aandike yote mawili.

Umesahau mfereji? Ulikuwa unakuja na kijembe chako. Tukishauzibua, katibu wa mfereji anauliza nani alikuja. Kuna mtu anajitaja? Unatajwa na aliyesimama chini yako, kwa sababu tope lako linateremka kwake. Ukilala, anajua. Ukifanya kazi, miguu yake inajua. Mwaka ule Lemayian alipojitaja mwenyewe, wanawake walimcheka mpaka akarudi na jembe.

Na huyo Godwin anasimama kando ya watu halafu anawauliza kama wamefurahi! Hata mbuzi wangu watasema wamefurahi nikiwauliza nimeshika kisu.

Huyo mama akimaliza ua lake, analipokea nani? Kamuulize huyo.

Sasa tazama dole langu hapo chini. Tazama na la barua ya kwanza. Ni doa tu. Mistari jembe limeila. Basi mimi sijakuandikia? Miaka yote hiyo shambani sikuwepo?

Kairudishe sahihi yako. Wakikufukuza, njoo. Maziwa yapo, na kitandani kwako hajalala mtu.

Koko yako


Ngarenaro, 4 Mei 2025

Shikamoo Koko,

Nisamehe kwa kukawia. Goti linaendeleaje, na ndama?

Barua yako nilikaa nayo mfukoni wiki nzima. Tarehe ishirini na nane Machi, kwenye kikao cha asubuhi, nikauliza: maua ya Anande anayapokea nani? Godwin akatazama saa yake. Kisha Sia, anayefunga mashada, akasema, "Mimi. Siku zote hizo kumi na moja. Tena ya Jumanne moja yalikuwa na majani, nikamgombeza."

Anande akaruka, "Ulinigombeza bure, yale yalikuwa ya Irine!"

Watu wakacheka. Wakaanza kutajana, meza kwa meza, bila kuulizwa.

Nikamwambia Godwin naiondoa sahihi yangu. Nikamwonyesha dole lako. Alilitazama, kisha akatazama kidole chake.

Anande kabaki. Sasa kuna daftari kando ya mashine, na anayepokea ndiye anayesaini. Mimi usimamizi wamenivua, wamempa Sia. Sikulia. Sikufurahi pia. Nilivaa aproni nikaenda kusimama alipokuwa anasimama Sia, chini ya Anande. Maua yake nayapokea mimi.

Ijumaa mwiba mmoja ulimponyoka, ukaniingia kwenye dole gumba. Uliuma, Koko. Uliuma mpaka nikakaa chini sakafuni nikalia, kwenye majani, mbele ya meza zote. Anande akaukamua ule mwiba, akaniinua kwa kwapa.

"Haya," akasema. "Leo umefika kazini."

Mjukuu wako, Naipanoi