Ufunguo wa Darasa la Saba

Alhamisi, Ntimaru. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mahindi yamelala upande mmoja. Miguu yangu imevimba tena. Daktari wa Migori siku hizi hazungumzii dawa mpya. Huniuliza tu kama nalala vizuri.

Silali vizuri. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, polepole, kwa sababu kesho saa nne fundi wa rangi anakuja kuandika jina langu juu ya mlango wa bweni jipya la wasichana. Herufi za buluu. Wanasema ni heshima kwa mwalimu aliyemfungia mwanafunzi wake Robi darasani ili asikatwe.

Nilimfungia, ni kweli. Lakini si kwa ajili hiyo.

Ilikuwa Desemba, miaka miwili baada ya Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanamke wa kwanza kufundisha hapa. Shule ilikuwa imefungwa, wazee wa mila wameufungua msimu wa tohara, na kila njia ilikuwa na ngoma. Robi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Alfajiri ya siku yake ya kukatwa alikuja kwangu, miguu imelowa umande, akaniomba nimfiche. Hakulia. Aliomba kama mtu anayeomba kuazima kitabu.

Nilimpeleka darasani, nikamwambia atulie, nikatia kufuli mlangoni. Kisha nikateremka moja kwa moja hadi kwa baba yake, Mzee Chacha, nikamwambia binti yake yuko wapi.

Sasa nimeliandika.

Chacha alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa amenionya kwamba msichana mmoja akikataa, hakuna mwingine atakayeletwa darasani. Nami nilijiambia: akatwe, apone, aendelee na masomo, kama nilivyofanya mimi. Mimi nilikatwa nikiwa na miaka kumi na minne, na ndipo baba akakubali niende chuo cha ualimu. Nilidhani hiyo ndiyo njia. Ila nilikuwa nimewaona wenzake Robi wa miaka iliyotangulia. Walipona, ng'ombe wa mahari wakaja kabla ya muhula kufunguliwa, na madawati yao yakabaki wazi. Nilijua.

Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo ambalo sijawahi kumwambia hata padri. Nilijiuliza: mimi nilivumilia, yeye ni nani asivumilie?

Tulipanda shuleni, Chacha na wenzake wa rika mbele, mimi nyuma na ufunguo mkononi. Mlangoni tukamkuta Nyanya Gati, mama yake Chacha. Alikuwa amezifuata nyayo za mjukuu wake kwenye umande. Alikuwa amefungua leso yake kiunoni, ameitandika juu ya kizingiti, naye amekaa kando yake, miguu ameinyoosha kama mtu anayeota jua.

Kwetu mwanamume haruki nguo ya mama aliyemzaa, wala ya mama wa mwanarika wake. Akiiruka, amemruka mama mwenyewe.

Mmoja wa wale wanaume akajaribu mzaha. "Mama, uzee wote huu umekuja shule? Utaingia darasa gani?"

"La kwanza," akasema. "Nikifika la pili nitakutafuta, ndipo ulipotorokea."

Wakacheka, hata Chacha. Kisha kicheko kikaisha, na Nyanya akamtazama mwanawe.

"Ruka, Chacha. Lakini ukiruka, usije kunizika."

Sijawahi kuona mtu mzima akipungua vile. Alisimama. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, fungua." Sikufungua, wala sikukataa. Ufunguo ulibaki mkononi. Watu husimulia kwamba nilimkatalia mwenyekiti mbele ya wazee. Nilikuwa na hofu tu.

Wanawake waliokuwa kwenye ngoma wakaja kuona kuna nini. Mama yake Robi, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno mbele ya wanaume, akatembea mpaka kizingitini, akafungua leso yake, akaitandika kando ya ile ya mama mkwe wake. Akaja mwingine. Akaja mwingine tena. Hapakuwa na mhubiri, wala barua ya serikali. Palikuwa na nguo kuukuu zikitandikwa moja baada ya nyingine, mpaka udongo wa mlangoni haukuonekana.

Mimi pia nilikuwa na leso kiunoni. Sikuifungua.

Kufika adhuhuri wanaume walikuwa wameondoka. Siku ya soko Mama Akinyi, Mjaluo Msabato aliyekuwa akituletea omena, wale dagaa wadogo, kutoka Sori kando ya ziwa, alimchukua Robi akakae kwake na kusoma huko. Wanawake walipouliza kama ziwani hawakati, akasema, "Kwetu walikuwa wanang'oa meno sita ya chini, na hata hayo tumeacha. Huyu atakula samaki na meno yake yote." Kila mavuno mahindi ya akina mama hao yaliteremka Sori kwa ajili ya chakula cha Robi.

Nami waliniona na ufunguo mkononi, wakanifanya mlinzi. Nilikubali. Desemba iliyofuata wasichana wawili walikuja mlangoni kwangu, na sikuwa na uso wa kuwakataa. Nikafungua darasa. Wanawake wakapokezana kukaa kizingitini. Mwaka uliofuata wakaja zaidi, na miaka ikaenda hivyo hadi nilipostaafu. Wanauita ujasiri. Ilikuwa aibu.

Leo mchana nilimpigia Robi. Yuko Homa Bay, muuguzi mstaafu, ana wajukuu. Nilimwambia yote bila kupumzika. Alipunguza sauti ya redio iliyokuwa nyuma yake.

"Mwalimu," akasema, "dirisha la darasa lile lilitazama kwetu. Nilikuona ukiingia kwa baba."

Nikamuuliza kwa nini hakunisema miaka yote hii. Akasema alinisema, siku ile ile. Alimwambia Nyanya Gati kupitia ufa wa mlango, sisi tukiwa bado njiani. Na Nyanya akamjibu: "Nyamaza. Ufunguo anao yeye, na wasichana wengine wanakuja. Tukimwaibisha leo, nani atawafungulia?"

Nimekaa na maneno hayo tangu saa nane. Bibi asiyejua herufi hata moja alinitazama nikija na ufunguo wa usaliti mkononi, akaona milango nitakayoifungua. Alikuwa akinitazama hivyo nami nikidhani anaota jua.

Fundi nimemwandikia jina kwenye karatasi: GATI. Rangi itamtosha na kubaki.

Wakati anaandika, nitakaa chini pale kizingitini, juu ya leso yangu, na wasichana wakiuliza kwa nini si jina langu, nitawaambia kama nilivyoandika hapa.

Fundo la leso kiunoni ni gumu kwa vidole hivi. Nimeanza kulilegeza leo.