Kikohozi Nilichokuwa Nikikikata

Jumapili, Magarama, Gitega. Mvua imeanza watu wakitoka kanisani na hadi sasa haijakatika. Umeme upo. Rafiki yangu Zainabu yuko chumba cha pili anaswali magharibi, namsikia akinong'ona. Mimi nimekaa mbele ya kompyuta na ninaogopa.

Nimeliandika neno hilo mapema ili nisilizunguke.

Kesho asubuhi, hapa Gitega, daktari wa koo ataingiza mrija wenye kamera puani mwangu, aushushe mpaka zinapokaa nyuzi za sauti, aangalie. Kisha ataniambia kuna nini. Hayo ndiyo yanayojulikana. Kazini tumezoea kutenganisha kilichothibitishwa na kinachodhaniwa, na kwa miaka mingi nimewagombeza vijana wa chumba cha habari wanaovichanganya. Leo ninavichanganya mwenyewe.

Kilichothibitishwa ni hiki. Sauti yangu ilianza kukwaruza wakati wa kuvuna maharage. Nikadhani ni vumbi, baadaye nikadhani ni mafua, baadaye nikaacha kudhani. Asubuhi huwa na nafuu. Mchana inakuwa kama mtu anayeburuta meza kwenye sakafu. Nikimeza mate nahisi kitu upande wa kulia, kidogo, kama punje ya mchele iliyokwama. Jumatano nilitema, mate yakawa na uzi wa damu. Niliuangalia, nikafungua bomba, nikaenda kusoma habari.

Ninafanya kazi ya redio tangu nilipomaliza chuo. Nimesimama kwenye maporomoko ya udongo watu wakifukua kwa mikono, nimekaa mahakamani siku za hukumu nzito, na kinasa sauti hakikutikisika mkononi mwangu. Kilichonipa kazi ni Kiswahili nilichokulia nacho kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, pamoja na koo hili. Sina ufundi mwingine. Sauti ikienda, sijui nitaitwa nani.

Sasa nieleze nilivyojificha, maana ni mtu wa redio tu angeweza kufanya kosa hili.

Siku hizi sisomi ripoti moja kwa moja hewani. Narekodi kwanza, halafu nafanya montaji, ile kazi yetu ya kukata sauti na kuiunga. Sentensi iliyokwaruza naisoma tena mpaka itoke safi. Pumzi nzito naipunguza. Kikohozi nakikata, naunga pale palipobaki, sikio la msikilizaji halioni kovu. Ripoti fupi ambayo zamani niliimaliza kabla chai haijapoa, sasa inakula asubuhi nzima. Kinachotoka hewani ni mwanamke mwenye koo zima.

Mume wangu, Léonidas, anaendesha lori kati ya Bujumbura na Dar es Salaam. Akiwa upande huu wa mpaka hufungua redio garini. "Nimekusikia, uko fiti," ananiandikia. Akipiga simu napokea, nasema mtandao mbaya, niandikie. Naye anaandika.

Alivyoamini yeye, nami niliamini. Nikimaliza kusafisha ripoti hukaa kuisikiliza mwanzo mpaka mwisho, na kila mara nilimsikia mtu asiye na tatizo. Nikajiambia: umeona, si kitu.

Mkono wangu mwenyewe ulinidanganya.

Jana tulikuwa Muyinga, uani kwa Zainabu. Sisi tuliosoma pamoja idara ya lugha chuoni Bujumbura tunakutana kila mwaka nyumbani kwa mmoja wetu, na kila mmoja anasimama kutoa habari zake. Tulipanga tangu mwanzo zigawanywe kwa maneno matatu: kazi, nyumba, mwili. Kazi ni kile kinachokulisha. Nyumba ni watu wako. Mwili ni afya. Ukimaliza, aliyekaa kushoto kwako ana haki ya swali moja tu, nawe lazima ujibu, hata kama swali linauma. Ndiyo sheria pekee tuliyo nayo na haijawahi kuvunjwa.

Mimi huwa nashika kinasa sauti. Narekodi wote, nasafisha, natuma kwa wenzetu walioko nje. Habari zangu naziongeza mwishoni, nyumbani, peke yangu. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Alianza Déo. Chuoni alivaa tai kila siku ya Mungu, akisema atakuwa balozi. Sasa analima maparachichi Gashoho.

"Kazi: mi niko balozi wa maparachichi," alisema. "Hayanipigii saluti lakini yananisomeshea watoto. Nyumba: bibi iko, watoto wanne, na mama mkwe alikuja kwa wiki moja, donc huu ni mwaka wa pili. Mwili: tumbo ndiyo hii, mnaiona, siwezi kuificha."

Kushoto kwake alikaa Goreth. "Mheshimiwa balozi, ile tai iko wapi?"

"Nilifungia mbuzi."

Goreth anafundisha Gasorwe. Naye alikulia Tanzania, kambi moja nami. "Kazi: ualimu, darasa limejaa mpaka dirishani. Nyumba: nimejenga, bati limeezekwa, mlango bado, wezi wakija wakaribie chai. Mwili: presha, nameza dawa." Alitaja presha kama mtu anayetaja saa. Nilimwonea wivu.

Zainabu alikuja mwisho kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Anauza vitenge na kushona sokoni, kazi ya mama yake na bibi yake, na shahada yake imetundikwa ukutani juu ya cherehani. Alipomaliza hakukaa. Alininyooshea mkono.

"Conso, leta hiyo mashini."

"Ya nini?"

"Leo mi narekodi, we unasema."

"Zangu nitaziongeza nyumbani, kama kawaida."

"Hiyo kama kawaida ndiyo sitaki. Mi nashona na radio pembeni kutwa nzima. Sauti yako ya radio iko safi kama maji ya chupa. Halafu juzi unanitumia sauti kwa simu, unauliza nani analeta mchele, nasikia iko na mchanga ndani. Nikasikiliza tena. Nikazima cherehani, nikasikiliza tena. We Conso, hizo sauti mbili ziko za mtu mmoja?"

"Labda ameajiri mtu," Déo alisema.

Hakuna aliyecheka. Hata yeye.

Ile sauti ya simu niliituma bila kuifikiria, nikiwa njiani kutoka dukani. Habari za taifa zima nilizisafisha, swali la mchele nikalisahau.

Nikampa kinasa sauti, nikasimama. Kazi, nikasema niko redioni. Nyumba, nikasema Léonidas yuko safarini, watoto wanasoma. Nilisema polepole, nikipumua kama ninavyofanya studio. "Mwili mzima," nikamalizia, na kwenye neno la pili sauti ikazimika, kama redio iliyoishiwa betri. Kikaja kikohozi. Kilikuwa kirefu, kikanikunja, na nilipoinua uso niliona taa nyekundu ya kinasa sauti inawaka mkononi mwa Zainabu.

Kushoto kwangu alikuwa yeye.

Nilijua atauliza nina nini, na jibu lilikuwa tayari: mafua. Hakuuliza hivyo. Aliketi kwanza, akaweka mashini mapajani, akaniangalia.

"Conso, unaogopa nini?"

Nimeuliza watu maswali maisha yangu yote na ninalijua swali zuri nikilisikia. Hilo halijibiki kwa mafua.

"Kuambiwa," nilisema.

Halafu nikasema yote. Punje ya mchele, meza inayoburutwa, uzi wa damu, montaji. Nilisema kwa ile sauti ya mchanga, na nilipofika kwenye damu Goreth aliweka sahani chini. Niliwaambia pia ninachodhani, kwa jina lake. Hilo jina silirudii hapa, halijathibitishwa.

Nilitarajia pole nyingi. Zainabu alisema, "Bon. Umesema. Sasa kula, nyama iko inapoa." Nilipokuwa natafuna alimpigia simu mdogo wake, ambaye ni muuguzi hapa Gitega. Aliporudi aliniambia daktari wa koo anapokea wagonjwa Jumatatu na jina langu limeandikwa.

"Mi naenda na we."

"Na duka?"

"Duka iko na mlango. Itafungwa."

Leo Déo ametuleta na pikapu yake, kwa njia ya Karuzi, maparachichi nyuma na sisi watatu mbele. Alijaribu mzaha mara mbili halafu akaacha. Alipotushusha alinipa kikapu kilichojaa, akasema hayo ni laini, yanapita kooni bila shida. Akageuza uso haraka.

Hofu yenyewe si kama nilivyokuwa nikiieleza kwenye ripoti zangu. Niliandika kwamba watu wametaharuki, wameingiwa na wasiwasi. Maneno ya kuazima. Hofu ni kwamba vidole vyangu vina baridi na nimefunga dirisha. Ni kwamba nimeshasoma anwani ya hospitali kwenye simu, ingawa nimepita mbele ya lango lake miaka yote hii. Ni kwamba ninasema maneno peke yangu, kwa sauti ndogo, jina langu, jina la Léonidas, majina ya watoto, nione kama bado yanatoka.

Nasikia pia hofu ya pili, ndogo, ya aibu: kwamba kesho hakuna montaji. Kamera itaona kilichopo.

Jioni hii nilikuwa nasafisha rekodi ya jana ili niitume kwa walioko nje. Kwenye habari za Déo nilipunguza upepo. Kwenye za Goreth nilitoa jogoo wa jirani aliyewika katikati ya presha. Nikafika kwenye zangu. Kwenye kioo cha kompyuta, sauti inapochorwa, kikohozi changu ni donge jeusi, nene mwanzoni na jembamba mwishoni. Ninalitambua umbo lake kama ninavyotambua mwandiko wangu. Nimelikata mara nyingi mno.

Nililizungushia alama. Kidole kikakaa juu ya kitufe. Likitoka, yanabaki maneno mawili safi: mwili mzima. Neno la pili lilizimika nusu, lakini nina "mzima" nyingi kwenye ripoti za zamani, ningeunga moja na asingejua mtu. Walioko nje wangesikia, wangefurahi, na mimi ningesikiliza tena mpaka niamini.

Niliondoa alama.

Nimeituma kama ilivyo. Kikohozi, swali la Zainabu, jibu langu, damu, vyote. Nimeituma kwenye kundi letu, na nimeituma kwa Léonidas, ambaye usiku huu amelaza lori mpakani Kobero akisubiri pafunguliwe asubuhi. Nimeandika chini yake maneno machache tu: sikiliza mpaka mwisho, kesho naenda kwa daktari.

Halafu nikafungua ukurasa huu. Nilitaka kuandika kwamba sasa nina nafuu. Sina. Kesho itakuja na mrija wake na itanikuta hivi hivi nilivyo.

Zainabu amemaliza kuswali. Anafungua makabati jikoni, anauliza kwa sauti nyumba gani hii haina iliki.

Simu inaita. Ni Léonidas.

Mtandao ni mzuri.